Alfred Wegener, mtu aliyesema mabara yanasogea

Makaa ya mawe ya Ngaka, ambayo malori huyapitisha hapa Songea kuelekea Mtwara, ni mabaki ya mimea ya zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Wataalamu huiita miamba yake Kundi la Songea. Makaa ya zama hizohizo yanachimbwa Afrika Kusini na hata India, ng'ambo ya bahari. Aliyetusaidia kuelewa sababu ni Alfred Wegener.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 1 Novemba 1880. Alisomea elimu ya nyota, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa hali ya hewa. Mwaka 1906 yeye na kaka yake Kurt walikaa angani kwenye puto zaidi ya saa 52, rekodi ya wakati huo.

Januari 1912, mjini Frankfurt, alieleza kwamba mabara yaliwahi kuungana, kisha yakaachana. Mwaka 1915 akatoa kitabu. Alionyesha kuwa pwani ya magharibi ya Afrika inaoana na Amerika Kusini kama vigae vya chungu kimoja. Visukuku vya Mesosaurus, mnyama mdogo wa majini, vilipatikana kusini mwa Afrika na Brazili, naye asingeweza kuvuka bahari kuu. Mmea wa Glossopteris uliacha alama Afrika, India na Australia.

Wanajiolojia wengi walimkataa. Walimwona mgeni katika shamba lao, na kweli hakuweza kueleza ni nguvu gani inayosukuma bara zima. Hata hivyo hakunyamaza. Alikirekebisha kitabu chake mara tatu.

Novemba 1930, baada ya kuwapelekea mahitaji wenzake katikati ya barafu ya Greenland, alifariki njiani akirudi, akiwa na miaka 50. Kijana wa huko aliyefuatana naye, Rasmus Villumsen, alimzika kwenye theluji, naye hakuonekana tena.

Miaka ya 1960 vipimo vya sakafu ya bahari vilionyesha miamba mipya ikizaliwa katikati ya bahari na kutanuka pande mbili. Ikajulikana kwamba mabara hubebwa na mabamba makubwa ya miamba yanayosogea. Wegener alikuwa kaburini miaka 30.

Mwendo huo haujakoma. Ziwa Nyasa, jirani yetu, limelala ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo Afrika bado inapasuka, milimita chache kila mwaka.