Krapf na Kibanda Chake cha Yatta

Jina la Ludwig Krapf si geni kwetu. Tunakariri kwamba aliuona Mlima Kenya, basi, tunafunga daftari! Leo natamani tumtazame kupitia nyumba yake, kwani nyumba humfichua mwenyewe.

Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810. Alifika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huo huo homa ikamwua mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Hakukata tamaa. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Rebmann walihamia Rabai. Mwaka 1849 alitembea kwa miguu mpaka Kitui, akapokelewa na Kivoi, tajiri wa misafara ya pembe za ndovu. Huko ndiko alikouona mlima wenye theluji, tarehe 3 Desemba.

Mwaka 1851 alirudi Ukambani, safari hii akitaka kukaa kabisa. Alichagua Yatta. Lakini wapi! Wapagazi wake walikuwa na haraka ya kurudi kwao pwani, naye hapo hakuwa na jamaa wala rafiki wa kumshika mkono. Kilichopatikana ni kibanda kidogo tu, tena dhaifu. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi tukiigiza habari hii jukwaani, mbona tunamjengea nyumba ya mabati yenye madirisha mapana? Wakati huo Ukambani hakukuwa na mabati. Nyumba ya Mkamba ilikuwa msonge: fito zilizopindwa na kufungwa kwa kamba za magome, nyasi zikiteremka karibu na ardhi, na mlango mfupi wa kuingia ukiwa umeinama. Anayetaka kuhakikisha asome kitabu cha safari cha Krapf mwenyewe, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860, kisha kile cha Lindblom wa Sweden kuhusu Wakamba, cha mwaka 1920. Halafu awaulize wazee wetu hapa Kyuso jinsi fito zinavyofungwa.

Krapf alikiacha kibanda, akamfuata Kivoi. Walipokuwa karibu na Mto Tana, huu huu ulio kaskazini yetu, walivamiwa na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akijificha mchana na kutembea usiku, maji yake ameyatia ndani ya mtutu wa bunduki! Aliponea chupuchupu akarudi Rabai. Makao ya Yatta yakaishia hapo.

Mwaka 1853 aliondoka Afrika Mashariki akiwa mgonjwa. Alifariki kwao mwaka 1881, na mwaka uliofuata kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa. Hiyo ndiyo kazi yake iliyosimama, nayo aliijenga kwa maneno aliyofundishwa na wenyeji.

Kwa hivyo wanachama wenzangu, tukimwigiza tena tumpe kibanda chake kidogo. Tukimjengea jumba, watazamaji hawataelewa ni kwa nini alimhitaji Kivoi.