Czochralski: Fundi wa chipu aliyerudi kwao akakataliwa

Kila katoni ya simu inayovuka mpaka wa Busia, Malaba au Mutukula imebeba kazi ya Jan Czochralski, Mpolandi aliyefariki mwaka 1953. Nafundisha vijana ufundi wa umeme hapa Kyambogo, na wanaponiuliza chipu hutoka wapi, huanza na jina lake.

Czochralski alizaliwa Oktoba 23, 1885, katika mji mdogo wa Kcynia, ambao wakati huo ulitawaliwa na Wajerumani. Baba yake alikuwa seremala. Akiwa kijana alikwenda Berlin kutafuta maisha, akafanya kazi katika duka la dawa, kisha akaajiriwa na AEG, kampuni kubwa ya umeme.

Inasimuliwa kwamba siku moja mwaka 1916, akiwa anaandika, alichovya kalamu katika chungu cha bati lililoyeyuka badala ya kidau cha wino. Alipoivuta, uzi mwembamba wa bati ukaifuata. Kumbe uzi ule ulikuwa fuwele moja tupu, chembe zake zote zimejipanga kama askari kwenye gwaride.

Leo silikoni hutengenezwa kwa njia hiyo. Huyeyushwa kwa nyuzijoto 1,414, kipande kidogo cha fuwele huchovywa kama mbegu, kisha huvutwa polepole huku kikizungushwa, hadi litoke gogo linalong'aa. Gogo hukatwa visahani vyembamba, na juu yake chipu hutengenezwa. Kampuni kama Shin-Etsu ya Japani na Siltronic ya Ujerumani hushindana kupunguza kasoro katika gogo hilo, kwani mpangilio wa chembe ukivurugika, umeme haupiti vizuri na chipu haifai.

Sasa sikiliza yaliyompata. Mwaka 1928, akiwa na kazi nzuri na jina kubwa huko Frankfurt, aliitikia wito wa Rais Ignacy Mościcki, naye mkemia, akarudi Polandi. Akawa profesa katika Chuo cha Ufundi cha Warszawa.

Mwaka 1939 Wajerumani waliivamia nchi. Wapolandi wengi wakawa wakimbizi. Maelfu yao walifika hata kwetu Uganda, wakaishi Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja kando ya Ziwa Victoria. Czochralski alibaki, akaendesha karakana chuoni chini ya macho ya Wajerumani.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, minong'ono ikaanza. Alikaa Ujerumani miaka mingi, anajua lugha yao, basi ni mtu wao. Akakamatwa, akawekwa ndani miezi kadhaa. Uchunguzi haukumkuta na hatia, akaachiwa. Hata hivyo, wakuu wa chuo walikataa kumrudishia kazi.

Akarudi Kcynia, akafungua biashara ndogo ya kutengeneza bidhaa za nyumbani na vipodozi. Kuanzia mwaka 1948, wataalamu wa maabara za Bell nchini Marekani walikuwa wakivuta fuwele za germaniamu kwa njia yake, na baadaye za silikoni. Mwenye njia yuko kijijini anapima dawa za nywele.

Alifariki Poznań Aprili 22, 1953, akiwa na miaka 67. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jina. Mwaka 2011, baada ya kupatikana nyaraka zinazoonyesha kwamba alikuwa akiwasaidia kwa siri wapiganaji wa Polandi, chuo kilimsafisha. Bunge likaupa mwaka 2013 jina lake.

Najua baadhi yenu mlirudi na ujuzi mkononi, mkapokewa kwa maswali: ulikuwa na nani huko, ulikuwa unamfanyia nani kazi? Kuuliza si dhambi, lakini jibu likishapatikana lipokelewe. Polandi ilikuwa na jibu mwaka 1945. Ilichukua miaka 66 kulikubali, na fundi alikuwa ameshazikwa.