Alidina Visram, mkopeshaji wa njia ya reli, na deni la mkulima wa Kericho

Mwezi uliopita nilipanda hadi Kericho kwa harusi ya jamaa, kisha nikafika Bomet. Nchi ile ukiiona utaipenda. Vilima vimevikwa majani chai toka bondeni hadi kileleni, na mvua ya alasiri haina miadi. Lakini kila nilipoketi, watu hawakuwa wakizungumza uzuri wa nchi yao. Mazungumzo yalikuwa bonasi na mikopo.

Mkulima mdogo wa huko hupeleka majani yake kituoni, akalipwa kiasi kidogo kila mwezi, kisha akangoja bonasi baada ya hesabu za mwaka. Katikati hapo karo haingoji, wala mgonjwa hangoji. Basi huenda benki au chama cha akiba na mikopo, akakopa kwa kutegemea bonasi ambayo bado hajaiona. Bonasi ikiteremka, deni haliteremki nayo.

Mzee mmoja alipojua kuwa natoka Mombasa, mji ambako chai yake huuzwa mnadani, aliniuliza hasara ikija humwangukia nani: mnunuzi, kampuni, benki, au yeye? Swali lile lilinikumbusha mtu ambaye jina lake sisi wa Mombasa hulitaja kila siku kwa sababu ya shule, na sanamu yake iko Treasury Square. Ni Alidina Visram. Wengi wetu twamjua kama tajiri na mfadhili. Leo nataka tumtazame kama mkopeshaji, kwani maisha yake yana jibu la mzee yule.

Alidina alizaliwa mwaka 1851 huko Kutch, India, katika jamii ya Khoja Ismailia. Mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka 12, alivuka bahari akaja pwani yetu, akaanzia Bagamoyo. Hapo alijifunza kazi katika biashara iliyohusishwa na Sewa Haji Paroo, yule ambaye jina lake liko hadi leo katika wodi za hospitali ya Muhimbili. Biashara yenyewe ilikuwa ya misafara. Nguo, shanga na nyaya zikitoka pwani kwenda bara, na pembe za ndovu zikirudi baada ya miezi mingi, pengine mwaka na zaidi.

Kumkopesha mtu wa msafara kulikuwa kuikopesha njia nzima: maradhi yake, vita vyake, njaa yake na wanyang'anyi wake. Mfanyabiashara mwenye akili hakutia mali yake yote katika msafara mmoja. Aligawa. Huu ukipotea, ule utarudi. Somo hilo Alidina alilishika mapema, na halikumtoka.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa. Mwaka 1897 Sewa Haji akafariki, na Alidina akageuza uso wake kaskazini. Reli ilivyosonga, na maduka yake yalisonga. Mwisho wa mwaka 1901 reli ikafika Kisumu, baada ya kupita Londiani, Lumbwa ambayo leo ni Kipkelion, na Fort Ternan. Sehemu hizo zote ziko katika kaunti ya Kericho ya leo. Kwa hiyo mali yake ilipita katika nchi ya Wakipsigis kabla ya mashamba makubwa ya chai kuwako.

Kutoka Kisumu alivuka ziwa. Alifungua Kampala, Entebbe, Jinja, na akafika hadi kusini mwa Sudan. Maduka yake yalizidi 30. Alikuwa na vyombo vya kusafiria ziwani, alishughulika na pembe, ngozi, ufuta na pamba, na akaweka mitambo ya kupasua mbao, kukamua mafuta na kuchambua pamba. Ngozi zikishuka bei, pamba ipo. Msimu wa pamba ukiharibika, mbao zipo.

Kazi yake nyingine ndiyo inayonihusu leo. Benki ya National Bank of India ilifungua Mombasa mwaka 1896, lakini Kampala ilikaa miaka kumi zaidi bila benki. Katika pengo hilo Alidina ndiye aliyekuwa benki. Ofisa wa serikali aliye Kampala ana mshahara, lakini fedha yenyewe iko Mombasa au London. Alidina ana rupia dukani Kampala kutokana na nguo alizouza, naye anahitaji fedha Mombasa kuwalipa waliompa mali. Ofisa anaandika hundi, Alidina anampa rupia, na hundi inateremka pwani kulipwa. Hakuna aliyebeba sanduku la fedha porini. Neno hilo hundi, tunaloliandika leo kwenye vitabu vya benki, lilitujia kwa wafanyabiashara wa Kihindi kama yeye.

Tena aliwakopesha vijana. Kijana alitoka India mikono mitupu, akafanya kazi katika duka la Alidina, akaaminika, kisha akapewa mali kwa mkopo afungue duka lake mwenyewe mbele ya njia. Rehani haikuwapo. Dhamana ilikuwa uaminifu, jamaa na jina. Na Alidina naye alipata mali kwa mkopo kutoka kwa wakubwa wa pwani na wa ng'ambo. Ulikuwa mnyororo mrefu wa amana, kila pete imeshika mwenziwe, na pete ya katikati ilikuwa mtu mmoja.

Hapa niseme kidogo juu ya mtaji, kwa maana neno hili hutumiwa sana na hufahamika kidogo. Tuseme una chama kilichokopesha shilingi 100. Shilingi 90 ni amana za watu, 10 ni za chama chenyewe. Wakopaji wakishindwa kulipa 5, chama kinaumia, lakini wenye amana wako salama. Wakishindwa kulipa 15, zile 10 za chama zimekwisha, na 5 zinatoka katika jasho la wenye amana. Mtaji basi ni ukuta ulioko kati ya hasara na mwenye amana. Ndiyo maana Benki Kuu ya Kenya inataka mtaji wa benki usipungue asilimia 14.5 ya mali yake ikipimwa kwa hatari, na mkopaji mmoja asipewe zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wa msingi. Vyama vya akiba vinavyopokea amana navyo vina kiwango chao, mtaji wa msingi usiopungua asilimia 10 ya mali yote.

Zama za Alidina hakukuwa na sheria kama hizo juu yake. Aligawa hatari kwa bidhaa, akaigawa kwa miji, lakini hakuigawa kwa watu. Ukuta wake ulikuwa jina lake.

Mwaka 1916, katikati ya vita vikuu, alisafiri kwa biashara upande wa Kongo, akashikwa na homa. Alifariki tarehe 30 Juni. Mwanawe Abdulrasul alishika kazi, na kwa kumkumbuka baba akatoa mali ya kujenga shule iliyofunguliwa Mombasa mwaka 1923. Lakini mwana naye hakuishi sana, na katika miaka hiyo ya 1920 milki ile kubwa ikaporomoka. Shule ikabaki.

Miaka ile haikumhurumia mwenye deni yeyote. Kati ya 1919 na 1921 serikali ilibadili thamani ya fedha. Rupia iliyokuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne za Kiingereza ikawekwa kuwa shilingi mbili, kisha rupia yenyewe ikaondolewa. Aliyekuwa akidaiwa rupia, na mazao yake yanauzwa London kwa pauni, aliona deni lake likiongezeka kwa nusu bila kukopa hata senti.

Na hapa ndipo Kericho inapoingia katika hesabu. Baada ya vita, serikali ya kikoloni ilitoa ardhi kubwa huko kwa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani, walime kitani. Zao moja, soko moja, na mtaji wa kukopa. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafilisika, na ardhi ikapita kwa makampuni ya chai katikati ya miaka ya 1920. Maofisa walipata hasara, ni kweli. Lakini kabla yao alikuwako Mkipsigis, ambaye ardhi ile ilikuwa malisho na makazi yake. Hakukopa, hakulima kitani, hakutia sahihi popote. Mradi ulipokufa, ardhi haikumrudia. Hasara ya kwanza na ya mwisho ilikuwa yake.

Hilo ndilo jibu ninaloliona kwa swali la mzee wa Kericho. Hasara haimtafuti mwenye kosa. Humwangukia asiye na ukuta.

Tuitazame chai ya leo. Mnada ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na wanunuzi wakubwa ni wachache, Pakistan akiwa mbele. Pakistan ikikosa dola, mkulima wa Bomet anasikia. Mwaka 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo ili kumlinda mkulima. Nia ilikuwa njema, lakini chai nyingi isiyofikia bei hiyo ikarundikana katika maghala yetu bila mnunuzi. Hatari haikuondoka, ilihama tu, kutoka kwenye bei kwenda kwenye ghala. Sasa chukua chama cha akiba ambacho wanachama wake wote ni wakulima wa chai, mikopo yake yote inangoja bonasi ya chai, na amana zake zote zatokana na chai. Huo ni msafara mmoja. Alidina asingeutia mali yake yote.

Wala tusijione wajanja sisi wa Pwani. Septemba 2015 mkurugenzi mkuu wa Imperial Bank alifariki. Baada ya kifo chake bodi ilipeleka habari Benki Kuu kwamba mambo hayaendi sawa, na Oktoba benki ikafungwa na kukabidhiwa Shirika la Bima ya Amana. Benki ilikuwa na bodi, wakaguzi na majengo mazuri. Lakini ilichukua kifo cha mtu mmoja watu kujua hali yake. Bima ya amana leo inamlinda mteja hadi shilingi 500,000 tu, na wakati ule ilikuwa shilingi 100,000. Sheria mpya inataka mtaji wa chini wa benki upande kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 10 ifikapo mwaka 2029. Ukuta mnene ni jambo jema, lakini ukuta hauoni. Anayeona ni mwenye kukagua daftari.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzii swala wala saumu. Inazungumzia deni, kuliandika, na kuliwekea mashahidi. Sisi huisoma kila Ramadhani, kisha twaacha amana ya kikundi katika simu ya mtu mmoja kwa kuwa ni mtu wa swafu ya kwanza. Uaminifu wake hauna shaka. Umri wake je?

Kwa hivyo nasema kwa wa Kericho na kwa wetu hapa. Mwaka wa bonasi nzuri ndio mwaka wa kujenga ukuta, si wa kugawana hadi senti ya mwisho. Chama cha wakulima kikopeshe kwa kipimo cha bonasi mbovu, si ya mwaka uliopita uliokuwa mzuri. Na kila mwenye amana aulize mambo matatu kwenye mkutano mkuu: mtaji wetu ni kiasi gani, mkopaji mkubwa wetu ana sehemu gani, na mwenyekiti asipoamka kesho, nani mwengine anajua kilichomo daftarini?

Alidina alikuwa mtu mkarimu, na mali yake ilikuwa yake. Akiipoteza, hakumdhulumu mtu kwa kuipoteza. Anayeshika fedha za mkulima wa chai au za mama muuza mahamri hana ruhusa hiyo. Maswali hayo matatu si utovu wa adabu kwa wazee wetu. Ni kuwasaidia wasije wakaondoka duniani na amana za watu shingoni.

Wabillahi tawfiq.