Chapin na Unyoya wa Kofia

James Chapin alizaliwa katika mji wa New York, huko Marekani, mwaka wa 1889. Tangu utoto alipenda ndege. Alipokuwa kijana wa miaka 19 alisafiri kwa meli mpaka Kongo pamoja na Herbert Lang, aliyemzidi umri. Makumbusho ya New York yaliwatuma wakusanye wanyama na ndege wa msitu mkubwa. Wakakaa huko karibu miaka sita.

Kazi ya kutambua ndege si rahisi. Mtazameni chozi anayenyonya maua karibu na nyumba. Juani dume hung'aa kama chuma kilichosuguliwa, lakini kivulini huonekana mweusi tu. Jike ana rangi hafifu, na majike ya aina mbalimbali hufanana kama ndugu. Tena katika aina nyingine dume naye huvua mavazi yake mazuri wakati wa kutaga ukiisha. Kwa hiyo mchunguzi hutafuta alama ndogo: upana wa mstari kifuani, mchoro wa unyoya mmoja wa bawa.

Mwaka wa 1913, huko Avakubi kando ya mto Ituri, Chapin aliona unyoya katika kofia ya mtu mmoja. Ulikuwa wa hudhurungi, wenye mistari myeusi. Alikwisha kuwajua ndege wengi wa msitu, lakini unyoya huu haukuwa wa hata mmoja wao. Mwingine angeutupa, au angetunga jina upesi ili asifiwe. Chapin aliuhifadhi. Alirudi nao New York, akaulinganisha na manyoya mengi, asipate unaofanana nao. Akangoja.

Wakati huo hakukaa bure. Mwaka wa 1929 Wamarekani wawili, Rockefeller na Murphy, walipanda milima iliyo magharibi ya bonde la Rusizi, upande wa juu wa Uvira. Kati ya ndege waliowaleta alikuwamo chozi mdogo mwenye kifua chekundu sana. Chapin alimchunguza, akaona kwamba ni aina ya peke yake. Mwaka wa 1932 akampa jina la Rockefeller. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake cha kwanza cha ndege wa Kongo. Vitabu hivyo ni vinne. Cha mwisho kilitoka mwaka wa 1954.

Mwaka wa 1936 Chapin alikuwa katika makumbusho ya Tervuren, huko Ubelgiji. Juu ya kabati aliona ndege wawili waliokaushwa, wamesahauliwa. Kibandiko kilisema ni tausi wachanga wa Bara Hindi. Akatazama bawa la jike. Mistari ilikuwa ileile ya kofia ya Avakubi! Unyoya ulikuwa umengoja miaka 23. Hao hawakuwa wa Bara Hindi hata kidogo: walikuwa tausi wa Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya na Marekani hawakumjua. Wawindaji wa msitu walimjua zamani, maana mwenye kofia hakuokota unyoya wake Ulaya. Mwaka wa 1937 Chapin alirudi Kongo, akawapata tausi hao katika msitu wao.

Katika miaka ya 1950, nywele zikiwa nyeupe, alikaa tena Kongo, akachunguza majira ya kutaga ya chozi wa milima ya Kivu. Alikufa mwaka wa 1964. Chozi mwenye kifua chekundu angali anaishi juu milimani, katika mianzi na vichaka vya baridi.