Arthur Holmes na Mwamba Uliozikwa Garissa

Msafiri atokaye Garissa kuelekea Nairobi huuvuka mto Tana, kisha hupita nyika tambarare kwa muda mrefu kabla ya vilima vya mawe magumu yenye mistari kuchomoza karibu na Mwingi. Aelekeaye Dadaab na Liboi haoni vilima hivyo; mbele yake ni mchanga na udongo tu. Hata hivyo, mawe yale hayakomei Mwingi. Huzama mashariki chini ya mashapo ya enzi za baadaye, na upande wa kaskazini huibuka tena Moyale. Kwa jumla huitwa Ukanda wa Msumbiji, na aliyeupa ukanda huo jina, mnamo 1951, ni Mwingereza Arthur Holmes, ambaye hakuishi Kenya wala hakuwa na habari nyingi za Garissa.

Holmes alizaliwa tarehe 14 Januari 1890 huko Hebburn, kaskazini mwa Uingereza, katika familia isiyo na mali. Akiwa bado kijana mwanafunzi jijini London, alipima kiasi cha urani kilichogeuka kuwa risasi ndani ya mwamba wa Norway, akapata umri wa miaka milioni 370. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa dunia nzima haikufikisha umri huo.

Ufukara ndio uliomleta Afrika. Mwaka wa 1911 aliajiriwa kutafuta madini Msumbiji. Madini ya maana hayakupatikana. Alichopata ni malaria kali, hata habari za kifo chake zikapelekwa kwao kimakosa. Alirudi akiwa hai, na mawe ya Msumbiji aliyoyachukua yalimshughulisha kwa miaka kadhaa. Mwaka wa 1913, akiwa na umri wa miaka 23, alitoa kitabu chake kuhusu umri wa dunia.

Dhiki haikumwacha. Alikwenda Burma mwaka wa 1920 kufanya kazi ya mafuta. Kampuni ikafilisika, na mwanawe mdogo akafia huko kwa ugonjwa wa kuhara damu. Ni mwaka wa 1924 tu ndipo alipopata kazi ya kudumu katika Chuo Kikuu cha Durham.

Hapo ndipo alipotoa wazo lake kubwa. Alfred Wegener alikuwa amedai kwamba mabara husogea, akachekwa kwa kushindwa kueleza nguvu inayoyasukuma. Holmes, katika mhadhara wa Desemba 1927 huko Edinburgh, alipendekeza kwamba joto la unururifu huufanya mwamba ulio chini ya ganda la dunia utiririke polepole mno, mfano wa uji unaotokota chunguni: hupanda hapa, hushuka kule. Penye mshuko, ganda la bahari hugeuka kuwa mwamba mzito uitwao eklojiti, likazama. Wasikilizaji hawakushawishika. Yeye mwenyewe aliliita wazo hilo dhana tu, jambo la uungwana ambalo labda lilimchelewesha.

Leo inafahamika yatokeayo penye uzamaji huo. Sakafu ya bahari inapoingia chini ya bara, tope, chokaa na lava iliyoganda hukwanguliwa, hukatwakatwa na kusukumwa pamoja, hadi mwamba wa kilindini unakaa ubavuni mwa mchanga wa pwani. Mchanganyiko huo huitwa melanji, jina ambalo Edward Greenly alilitumia mwaka wa 1919 alipochunguza kisiwa cha Anglesey. Katika Ukanda wa Msumbiji bahari ya kale ilifungika hivyo, na mabara yaliyokuwa kingoni mwake yakagongana yapata miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Mgongano huo ulipika na kukanda kila kitu, kiasi kwamba melanji haitambulikani kwa urahisi. Kilichosalia ni vipande vya sakafu ya bahari, mathalani mawe ya kijani ya Moyale na ya Sekerr, Pokot Magharibi.

Holmes alihamia Edinburgh, akaandika mwaka wa 1944 kitabu kilichosomeshwa vyuoni kwa vizazi. Tuzo ya Vetlesen ilimfikia mwaka wa 1964. Alifariki jijini London tarehe 20 Septemba 1965, miaka michache tu kabla ya nadharia ya mabamba ya dunia kukubaliwa na wengi.