Salme: Binti Sultani aliyemwandikia rafiki barua zisizotumwa

WANAPOTAJWA wanawake walioacha alama katika historia ya Zanzibar, jina la Bibi Salme binti Said, aliyefahamika Ulaya kama Emily Ruete, haliwezi kukosekana. Wengi wanamkumbuka kwa mkasa wa kutoroka kwake mwaka 1866, na kwa kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapishwa mjini Berlin mwaka 1886.

Wachache, hata hivyo, wanafahamu kuwa mwanamama huyo aliacha pia maandishi mengine aliyoyapanga kama barua kwa rafiki yake wa kike aliyebaki Unguja, ambaye hakumtaja jina. Kitabu chake cha kwanza kiliwaeleza Wazungu juu ya Zanzibar. Barua hizi zinamweleza mtu wa Zanzibar juu ya Ulaya, na juu ya maumivu ambayo mwandishi hakuyaweka hadharani alipokuwa hai.

Salme alizaliwa Agosti 30, 1844, katika kasri la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa asili ya Circassia. Sayyid Said alipofariki baharini Oktoba 1856, aliacha watoto 36 walio hai.

Katika zama hizo mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakukuhesabiwa kuwa jambo la kuwafaa wanawake. Salme alijifunza kwa siri, akiziiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Elimu hiyo ya wizi ndiyo iliyomponza mapema. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, alishawishiwa kuwa karani wa njama za kaka yake Barghash, aliyetaka kumpindua kaka yao mwingine, Sultan Majid. Uasi huo ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, lakini upatanisho huo ukamjengea uhasama kwa ndugu waliokuwa upande wa Barghash.

Ni katika upweke huo ndipo alipofahamiana na jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Alipopata ujauzito, kubaki Unguja kukawa hatari kwa maisha yake. Agosti 1866 aliondoka kwa siri katika manowari ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden, na huko akajifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba.

Mwaka 1867 Ruete alimfuata Aden. Salme alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa. Mtoto wao wa kwanza alifariki wakiwa njiani, nchini Ufaransa, kabla mama yake hajaiona Hamburg.

Hapa ndipo barua zake zinapokuwa na uzito. Zinasimulia safari ile na maisha yaliyofuata: baridi asiyoizoea, nyumba zilizofungwa milango na madirisha, chakula kigeni, na macho ya watu waliomtazama kama kioja. Mumewe alipokwenda kazini, hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kiswahili ndiyo lugha iliyowaunganisha wawili hao, na nje ya mume huyo hapakuwa na aliyeifahamu. Aidha, zinafichua jinsi alivyosumbuka moyoni kwa kubadili dini bila kuandaliwa.

Pigo kubwa lilikuja Agosti 1870. Ruete alipata ajali ya tramu iliyokuwa ikivutwa na farasi, akafariki. Salme, ambaye hakuwa ametimiza miaka 26, aliachwa na watoto watatu, Antonie, Rudolph na Rosalie, mdogo wao akiwa bado mchanga. Mwaka huo huo Majid naye alifariki, na Barghash, ambaye Salme aliwahi kuhatarisha maisha kwa ajili yake, akashika usultani.

Barghash hakumsamehe dada yake. Mwaka 1875 alipozuru London, Salme alikwenda huko kutafuta suluhu, lakini Waingereza walimzuia kuonana naye. Mwaka 1885 aliletwa Unguja katika msafara wa meli za Kijerumani, wakati Bismarck akitafuta makoloni Afrika Mashariki. Wajerumani walipopata walichokitaka, madai yake ya urithi yakawekwa kando. Alirejea tena mwaka 1888, akaondoka mikono mitupu.

Haifai, hata hivyo, kumsimulia Salme kama mdhulumiwa peke yake. Utajiri wa ukoo wake ulitokana kwa sehemu kubwa na mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na katika kumbukumbu zake aliutetea utumwa. Kwa sababu hiyo, uwanja mmoja wa Hamburg uliopewa jina lake mwaka 2019 ulizua malalamiko, na ikaamuliwa jina hilo liondolewe.

Baada ya safari ya mwaka 1888 aliishi kwa miaka mingi Beirut, mahali aliposikia tena Kiarabu cha utotoni, kabla ya kurudi Ujerumani mwaka 1914. Alifariki Februari 29, 1924, mjini Jena, na kuzikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kwenye eneo la familia ya mumewe. Inasimuliwa kuwa katika vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa pamoja naye.

Maandishi ya barua zake yalihifadhiwa Leiden, Uholanzi, miongoni mwa nyaraka zilizotolewa na mwanawe, Rudolph Said-Ruete. Zilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1993 kwa juhudi za mtaalamu E. van Donzel, miaka 69 baada ya kifo cha mwandishi.

Jambo moja linabaki kuwa la kusikitisha kuliko yote. Barua hizo aliziandika kwa Kijerumani, lugha ambayo mwanamke wa Unguja wa zama zake asingeweza kuisoma. Binti aliyejifunza kuandika kwa siri alimaliza umri wake akimweleza rafiki wa nyumbani siri zake kwa lugha ya ugenini, na nyumbani hakuna aliyezipokea.