Wilfrid Laurier na Kura ya Vileo ya Mwaka 1898

Wilfrid Laurier alizaliwa tarehe 20 Novemba 1841 huko Saint-Lin, Quebec, nchini Kanada, katika familia ya Kikatoliki yenye kuzungumza Kifaransa. Alisomea sheria, akaingia Bunge la Kanada mwaka 1874, na mwaka 1896 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo mwenye asili ya Kifaransa.

Nyakati hizo ulevi ulikuwa ukibomoa familia nyingi, na vyama vya kupinga pombe vilidai vileo vipigwe marufuku. Chama cha Laurier kilikuwa kimeahidi tangu mwaka 1893 kuwauliza wananchi. Ahadi hiyo ilitimizwa tarehe 29 Septemba 1898 kwa kura ya maoni ya taifa zima, iliyohusu kuzuia uingizaji, utengenezaji na uuzaji wa pombe kali, divai, bia na vileo vinginevyo.

Waliokubali walikuwa 278,380, waliokataa, 264,693. Majimbo yote yalikubali isipokuwa Quebec, lenye Wakatoliki wengi, ambalo lilikataa kwa takribani kura nne katika kila tano. Zaidi ya nusu ya wapiga kura wa nchi hawakujitokeza.

Mwaka 1899 Laurier alitangaza kwamba hataleta sheria hiyo, kwa kuwa walioiunga mkono hawakufikia hata robo ya wapiga kura walioandikishwa. Wengi walimlaumu kwa kuwasaliti washindi. Ni kweli pia kwamba Quebec ilikuwa nguzo ya chama chake. Hata hivyo, uamuzi wake wakaribiana na fundisho la Mtakatifu Thomas wa Akwino, kwamba sheria ya binadamu haikatazi kila uovu, bali hasa yale mabaya makubwa ambayo watu walio wengi waweza kuyaepuka.

Lakini kukosekana kwa sheria hakukufuta machozi ya mke wa mlevi wala njaa ya watoto wake. Kazi ambayo serikali haikuifanya ilibaki mikononi mwa wazazi, majirani na parokia.

Laurier alifariki dunia tarehe 17 Februari 1919, akazikwa katika makaburi ya Notre-Dame, Ottawa. Kwetu waamini, swali la kura ile bado lipo. Mama Kanisa haihesabu divai kuwa dhambi, kwani huitoa altareni. Hutudai fadhila ya kiasi. Fadhila hiyo haipatikani kwa kura: hulelewa nyumbani, huombwa katika sala, na huonekana mezani petu.